Oboli Moja kwa Siku: Hotuba Kuhusu Sarafu Ndogo za Fedha za Ugiriki ya Kale

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wageni wote mliojaliwa kufika, hamjambo.

Mwaka 422 KK watu wa Athens walitazama mchezo wa kuchekesha wa Aristophanes uitwao Nyigu. Ndani yake yumo mzee mmoja mpenda mahakama, na kuna mahali analalamika alivyotendwa na mwenzake. Walikuwa wamepewa drakma moja wagawane. Mwenzake akaenda kuichenji kwa wauza samaki, akarudi na kumtia mzee mkononi vitu vitatu vidogo, vyembamba, vinavyong'aa. Mzee akavitupia kinywani, kwa kuwa mwananchi wa kawaida wa mji ule chenji yake aliiweka shavuni. Mara harufu ikampanda, akatema. Yalikuwa magamba matatu ya mkizi.

Mchekeshaji yeyote hutegemea kitu ambacho watazamaji wake wanakijua. Watu waliokaa pale walicheka kwa sababu kila mmoja alikuwa amewahi kushika oboli, ile sarafu ndogo ya fedha, akajua kwamba kweli, ukiwa na haraka, gamba la samaki laweza kukupita. Sarafu hizo ndizo nilizoombwa kuzungumzia leo. Nazizungumzia kwa moyo mmoja, maana naamini hakuna kitu kingine kilichobaki kutoka Ugiriki ya kale kinachotufikisha karibu hivi na mtu asiye na jina: mwuza zabibu, mzee wa barazani, kilema, mtumwa wa mgodini.

Kwanza vipimo, maana bila vipimo tutapotea. Athens ilihesabu hivi: oboli 6 ni drakma 1, na drakma 4 ni tetradrakma. Tetradrakma ndiyo ile sarafu mashuhuri yenye kichwa cha mungu Athena upande mmoja na bundi upande wa pili, uzito wake gramu 17 na kitu. Ndiyo inayopigwa picha kwenye majalada ya vitabu, na ndiyo inayowekewa taa katika majumba ya makumbusho. Lakini mtu anayetaka kununua kitoweo cha jioni hakwenda nayo sokoni. Alikwenda na oboli, gramu 0.72. Alikwenda na nusu oboli, gramu 0.36. Alikwenda na robo oboli, gramu 0.18, sarafu ambayo upana wake ni milimita tano au sita tu. Athens ilithubutu hata kuigawa robo hiyo mara mbili, ikapata kipande cha gramu 0.09 hivi, ambacho nacho kilitiwa chapa ya mji kama vingine vyote.

Hapo kwenye chapa ningependa tutulie kidogo. Sarafu ya aina hii ilifuliwa moja moja. Muhuri wa chini ulikitwa kwenye fuawe, kidonge cha fedha kikawekwa juu yake, muhuri wa juu ukashikwa kwa mkono, nyundo ikashuka. Mihuri yote miwili ilikuwa imechongwa picha kwa kinyume ili itoke sawa kwenye fedha. Sasa mfikirie yule fundi mchonga mihuri akiambiwa aweke kichwa cha Athena, kofia yake ya vita na jicho lake, ndani ya milimita sita. Na aliweka. Katika karne ya 4 KK mafundi wa Athens walizipa sarafu ndogo alama za kuzitofautisha: robo oboli ikapewa mwezi mwandamo mmoja, robo tatu ikapewa miezi miandamo mitatu, oboli mbili zikapewa bundi mwenye viwiliwili viwili na kichwa kimoja, na oboli tatu bundi anayekutazama usoni katikati ya matawi ya mzeituni. Mtu asiyejua kusoma alitazama mara moja akajua ameshika nini.

Tupige hesabu. Fedha ya tetradrakma moja ikifuliwa kuwa tetradrakma, ni pigo moja la nyundo. Fedha hiyo hiyo ikifuliwa kuwa oboli, ni mapigo 24. Ikifuliwa kuwa robo oboli, ni mapigo 96, na kila kidonge lazima kipimwe kwanza, kwa mizani inayoweza kuhisi sehemu ndogo ya gramu. Thamani ya fedha haikuongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni kazi. Mji uliofanya hivyo ulikuwa umeamua kwamba gharama hiyo inastahili kulipwa ili mtu mwenye mahitaji madogo naye awe na fedha ya mji wake mkononi. Mimi uamuzi huo nauona mkubwa kuliko hekalu lolote la marumaru, ingawa najua wapo watakaonibishia.

Athens haikuwa peke yake. Cyzicus, mji wa wavuvi na mabaharia katika bahari ya Marmara, uliweka kwenye sarafu zake ndogo kifua cha nguruwe mwitu na samaki jodari nyuma yake. Miletus ilifua vipande vyenye kichwa cha simba upande mmoja na kitu kama nyota upande wa pili, vya gramu moja na ushei, vingi mno hata leo havihesabiki. Syracuse, kule Sicily, ilikuwa na litra, sarafu ya fedha ya gramu 0.87 yenye pweza aliyetandaza mikono yake. Jirani yake Akragas aliweka tai na kaa. Aegina, kisiwa kilichotangulia kufua fedha katika Ugiriki yenyewe, kilikuwa na kasa wake, na oboli ya huko ilikuwa nzito kuliko ya Athens, inakaribia gramu moja. Ya Corinth ilikuwa nyepesi zaidi, kama nusu gramu. Ndiyo maana kila soko na kila bandari ilikuwa na wabadilishaji fedha waliokaa na meza zao, na riziki yao ilikuwa katika tofauti hizo.

Kwa muda mrefu wataalamu hawakuzipa sarafu hizi uzito. Mwaka 1964 Colin Kraay, mtaalamu wa sarafu wa Oxford, aliandika kwamba sarafu za mwanzo za Wagiriki hazikuwa za soko. Hoja yake ilikuwa na mantiki: katika hazina zilizochimbuliwa, sarafu kubwa ni nyingi na ndogo ni haba, kwa hiyo bila shaka sarafu zilikuwa za malipo ya serikali, kodi, faini na mishahara ya askari, na mtu wa kawaida aliendelea kubadilishana bidhaa kwa bidhaa. Wengi walikubaliana naye.

Kasoro ilikuwa katika ushahidi wenyewe. Mtu anayezika hazina yake huzika vilivyo vikubwa, chenji haziki. Na mchimbaji wa karne ya 19 aliyefukua kwa sururu na koleo, bila kuchekecha udongo, angeionaje robo oboli ya milimita tano iliyogeuka nyeusi? Baadaye vifaa vya kugundua madini vilipoenea, zikaanza kutoka ardhini kwa maelfu. Ikaonekana kwamba miji mingi ilikuwa ikifua vipande vidogo tangu karne ya 6 KK, yaani karibu mara tu fedha ilipoanza kutiwa chapa.

Mfano ninaoupenda ni hazina ya Colophon, mji wa Wagiriki katika pwani ya Uturuki ya leo. Ina sarafu zaidi ya 900 za mji huo, za mwishoni mwa karne ya 6 KK, na zote ni vipande visivyofika nusu gramu. Pamoja nazo vilikuwamo vipande vidogo vya fedha visivyo na chapa yoyote, vya kukatwa tu na kupimwa. Mwenye mfuko ule alikuwa akitumia vyote viwili kwa pamoja. Tunamwona mtu aliye katikati ya mabadiliko: desturi ya zamani ya kupima fedha kwa mizani bado iko mfukoni mwake, na mpya ya kuhesabu vipande vyenye chapa imekwisha kuingia na kuizidi. Hazina nyingine ilipatikana mwaka 1867 huko Auriol, karibu na Marseille ya Ufaransa, mji ulioanzishwa na Wagiriki kutoka Phocaea yapata mwaka 600 KK. Ilikuwa na vipande vidogo vya fedha zaidi ya elfu mbili, vyenye picha za kila namna. Kutoka pwani ya Uturuki hadi pwani ya Ufaransa, watu wa bahari ile walikuwa na chenji ya fedha.

Sasa tuulize swali linalonikera siku zote: zilikwenda kwa nani?

Huko Athens jibu la kwanza ni mahakama. Kiongozi wa mji, Pericles, ndiye aliyeanzisha malipo ya waamuzi, na Cleon, kiongozi wa baada yake, akayapandisha kufikia oboli 3 kwa siku, katika miaka ya 420 KK. Waamuzi 6,000 waliandikishwa kila mwaka, wananchi wa kawaida, wengi wao wazee. Tukitaka kujua oboli 3 ni kiasi gani, tunazo hesabu za ujenzi wa hekalu la Erechtheion, zilizochongwa kwenye mawe kati ya mwaka 409 na 407 KK: fundi alilipwa drakma 1 kwa siku, yaani oboli 6, awe mwananchi, mgeni mkaazi au mtumwa. Kwa hiyo mwamuzi alipata nusu ya ujira wa fundi. Haikumtajirisha mtu, lakini ilimwezesha mzee asiye na nguvu za kubeba mawe kukaa kutwa nzima kusikiliza kesi ya tajiri, akapiga kura yake, na jioni akanunua unga. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 4 KK, Agyrrhius akaanzisha malipo kwa wanaohudhuria mkutano mkuu wa wananchi: oboli 1, kisha Heraclides akaweka 2, kisha Agyrrhius mwenyewe akafika 3. Demokrasia ile, ambayo inasifiwa sana kwa maneno matupu, ilisimama juu ya vipande vya fedha vya gramu 0.72. Bila sarafu ndogo usingeweza kumlipa masikini siku moja ya kazi ya nchi. Ungempa nini, robo ya kondoo?

Na yupo kilema. Hotuba yake iliandikwa na Lysias, mwandishi wa hotuba za mahakamani, mwanzoni mwa karne ya 4 KK, naye aliitoa mbele ya Baraza la watu 500. Mtu huyu alikuwa akipokea oboli 1 kwa siku kutoka hazina ya mji, kwa sababu ya ulemavu wake. Mtu mmoja akamshitaki kwamba hastahili: ana nguvu, ana ufundi wa kujipatia riziki, na isitoshe ameonekana akipanda farasi. Kilema anajibu hoja moja baada ya nyingine. Anasema baba yake hakumwachia kitu, na yeye ndiye aliyekuwa akimtunza mama yake mpaka mama huyo alipofariki. Ufundi anao, lakini unamsaidia kidogo, anaufanya kwa taabu, na hana uwezo wa kumpata mtu wa kumpokea kazi hiyo. Kuhusu farasi, anasema: kama ningekuwa na mali ningepanda nyumbu aliyetandikwa vizuri, nisingepanda farasi wa kuazima. Wengine wanatembea kwa fimbo moja, mimi natembea kwa fimbo mbili. Mbona hajanishitaki kwamba fimbo mbili ni dalili ya nguvu?

Msikilizeni mtu huyo, wanafunzi. Anasimama mbele ya watu 500 kupigania kipande cha fedha kinachoweza kudhaniwa gamba la samaki. Kwake ndicho chakula cha siku. Anayesema sarafu ndogo hazikuwa na maana katika maisha ya Wagiriki na amjibu huyo kwanza.

Lakini nisingewatendea haki kama ningeishia hapo, kwa maana fedha hiyo ilitoka mahali. Ilitoka Laurion, kusini ya Attica, yaani jimbo la Athens, katika mashimo ya mawe ya risasi yenye fedha ndani yake. Mwaka 483 KK Themistocles ndiye aliyewashawishi Waathens wasigawane mapato ya mgodi huo bali wajengee merikebu, ambazo baadaye ziliwapiga Waajemi. Hilo hufundishwa shuleni. Lisilofundishwa sana ni nani aliyekuwa ndani ya shimo. Xenophon, akiandika katikati ya karne ya 4 KK, anatueleza kwamba Nicias, jenerali na tajiri wa kizazi kilichopita, alikuwa na watumwa 1,000 migodini. Alimkodisha watu hao Sosias wa Thrace kwa sharti kwamba Sosias amlipe Nicias oboli 1 kwa siku kwa kila mtumwa, na idadi yao isipungue kamwe. Maana ya sharti la mwisho ni kwamba anayekufa atafutiwe mwingine.

Oboli 1,000 kwa siku ni drakma 166 na oboli 4. Kwa siku 360 zinafika drakma 60,000, ambazo ni talanta 10 kamili. Hiyo ilikuwa mali ya mtu mmoja.

Basi oboli ile ile aliyoiomba kilema ili aishi ndiyo iliyokuwa kodi ya mwili wa mtu aliyekuwa chini ya ardhi akiichimba fedha ya kuifulia. Sifa ya chenji ya Athens na aibu yake ziko kwenye kipande kimoja, na mtu anayetaka kuisoma historia hiyo kwa uaminifu asichukue upande mmoja akaacha wa pili. Mimi naona ajabu kwamba tunayo hesabu kamili ya pande zote mbili. Katika vita vya Athens na Sparta, Wasparta walipojenga ngome yao Decelea mwaka 413 KK, mwanahistoria Thucydides anasema watumwa zaidi ya 20,000, wengi wao mafundi, waliutoroka mji. Miaka michache baadaye Athens iliishiwa fedha kabisa, ikaanza kutoa sarafu za shaba zilizopakwa fedha juu.

Sarafu za kughushi zikawa tatizo sugu, na hapo tunampata mtu mwingine ninayetaka mumfahamu. Mwaka 1970, katika uchimbaji wa soko kuu la Athens, ulipatikana ubao wa marumaru wenye sheria iliyotolewa na mtu aitwaye Nicophon mwaka wa 375/4 KK. Sheria inamhusu mkaguzi wa fedha. Kazi yake ni kukaa kila siku kati ya meza sokoni na kukagua sarafu anazoletewa. Ikiwa ni fedha halisi na ina chapa ya mji, lazima ipokelewe. Ikiwa ndani yake mna shaba au risasi, aikate papo hapo, na ikabidhiwe Barazani iwe mali takatifu ya Mama wa Miungu. Mwuzaji anayekataa sarafu ambayo mkaguzi ameipitisha ananyang'anywa bidhaa zote alizoleta kuuza siku hiyo. Mkaguzi wa pili awekwe bandarini Piraeus, kwa ajili ya wenye vyombo na wafanyabiashara.

Mkaguzi huyo alikuwa mtumwa wa serikali. Neno lake lilimfunga mwuzaji huru, tajiri kwa masikini, na hakuna aliyeweza kulipinga sokoni. Ila asipokaa mahali pake, au asipokagua kama sheria inavyotaka, sheria hiyo hiyo inaamuru achapwe mijeledi 50. Nikisoma mistari ile namwona kabisa: vidole vyake vyeusi kwa kushika fedha kutwa, mbele yake foleni ya watu wenye vipande mdomoni, na nyuma yake mjeledi.

Mwisho wa sarafu hizi ulikuja polepole, nao ulikuja kwa shaba. Miji ya Sicily na Italia ya kusini ilikwisha kuanza kutumia chenji ya shaba katika karne ya 5 KK. Sababu iko wazi: kipande cha shaba cha thamani ndogo kinaweza kuwa kikubwa cha kushikika, hakipotei, na hakihitaji mizani ya sehemu ya gramu. Athens ilisitasita. Aristophanes huyo huyo, katika mchezo wa mwishoni mwa miaka ya 390 KK, anamleta mtu aliyeuza zabibu zake, akajaza shavu lake vipande vya shaba, akaenda kununua unga wa shayiri. Ameshafungua mfuko atiliwe unga, mpiga mbiu anapaza sauti: asipokee mtu shaba tena, tunatumia fedha. Lakini katika karne hiyo ya 4 shaba ilirudi na kushinda. Kufikia karne ya 3 KK vile vidogo kabisa vya fedha vilikuwa vimekwisha kuwa adimu karibu kila mahali.

Nina ombi moja kwenu mnaosomea uchimbuaji wa kale. Sarafu hizi leo zinauzwa kwa mafungu, kwa bei rahisi, na nyingi hazina hata neno moja la kusema zilitoka shamba gani, chini ya sakafu gani, pamoja na chungu gani. Tetradrakma iliyoporwa bado ina sura ya kuonyesha. Robo oboli iliyoporwa imenyang'anywa karibu kila kitu, maana thamani yake yote ilikuwa katika mahali ilipoangukia: jikoni, karakana, mlango wa hekalu, kinywa cha maiti aliyewekewa nauli ya kuvukia kwa wafu. Popote mtakapochimba, Ugiriki au kwingineko, msimwage udongo kabla haujapita kwenye chekecheo lenye matundu madogo, na mkiokota kipande cheusi cha milimita tano, andikeni mahali kabla ya kukisafisha.

Mwenyekiti, ahsante kwa nafasi. Nakaribisha maswali.